Meli Imefika, Lakini Imefika Wapi?

Saa nane usiku nilikuwa na malori 14 nje ya lango la bandari, yote yamezimwa injini, na madereva wananipigia simu kwa zamu. "Bosi, tunaambiwa hapa hakuna meli." Nikawajibu haiwezekani, meli imefika tangu jioni, baruapepe ya wakala ninayo. Dereva mmoja mzee, mtu asiye na haraka hata kidogo, akaniambia: "Basi imefika kwenye baruapepe, kijana wangu. Gatini hakuna kitu."

Nilikuwa mpangaji wa safari za malori, mwaka wangu wa pili kazini. Kulipokucha, baada ya kusinzia kidogo kwenye kiti, nilichukua karatasi nikaanza kupiga simu kila mahali nikiuliza swali moja tu: meli ilifika saa ngapi? Wakala wa meli akasema 17:20, ilipotia nanga nje. Ofisi ya marubani ikasema 02:50, rubani alipopanda melini. Mwendeshaji wa gati akasema 04:35, kamba ya kwanza ilipofungwa. Kampuni ya upakuaji ikasema 06:15, kreni ilipoinua kontena la kwanza. Mgomboaji wa mzigo akanitajia saa nyingine kabisa, isiyolingana na ya mtu yeyote. Tulihangaika nayo hadi mchana ndipo tukagundua ni ile ile ya gati, ila mfumo wa kampuni yake huandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa na si za hapa kwetu, na hakuna mahali unaposema hivyo.

Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa ameandika saa ambayo kazi yake inaanzia. Kwa wakala, meli ikitia nanga kuna taarifa za kutoa na kuna saa za mkataba zinazoanza kuhesabika. Kwa mtu wa gati, meli ambayo haijafungwa kamba haipo. Mimi nilikuwa nataka saa ya kontena kutua yadini na kuwa tayari kupakiwa kwenye lori, na hiyo haikuwa saa ya mtu yeyote kati yao. Ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye droo, na nitairudia.

Mtu wa baharini ataniuliza kwa nini sikutazama ramani ya AIS, mtambo wa melini wa kujitambulisha, nikaona meli ilipo. Nilitazama. Mtambo huo hutangaza wenyewe mahali meli ilipo na mwendo wake, lakini bandari iendako na saa inayotarajiwa kufika huingizwa kwa mkono na ofisa wa melini, akikumbuka. Nimewahi kuona meli iliyofunga gati siku mbili ikiendelea kutangaza kwamba iko njiani kuelekea bandari iliyotoka.

Kwa miaka mitatu niliamini shida ni roho za watu. Wakala anajua hasemi, gati wanajua hawasemi, na sisi wa malori ndio tunaokesha. Halafu nikapata kazi kwa wakala wa meli, nikakaa kwenye meza ile ile niliyokuwa nikiilaani.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja, kama saa tatu, nilipokea ujumbe wa nahodha: mashine imepata hitilafu, amepunguza mwendo, huenda akachelewa kwa muda wa saa 9 hivi. Saa nne nilikuwa na jedwali la kuwatumia wasafirishaji, wagomboaji na gati. Nililituma na saa ya zamani. Sikusahau, nilikaa nikalitazama, kisha nikalituma.

Niliwaza hivi. Nahodha mwenyewe ameandika "huenda". Nikitangaza kuchelewa kwa saa 9, kisha fundi wa melini akarekebisha na meli ikachelewa saa 4 tu, malori hayatakuwepo, yadi itajaa, na mtu atachapisha baruapepe yangu na kuiambatisha kwenye madai. Pili, mpangaji wa gati akijua tunachelewa, nafasi yetu atampa meli nyingine, nasi tutangoja nje labda siku mbili kwa kosa la saa chache. Tatu, wenye mizigo wataanza kupiga simu, nami sina jibu la kuwapa. Nikinyamaza hadi jioni, hakuna kati ya hayo litakalonipata. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona dai lililofunguliwa kwa sababu mtu alichelewa kutoa makadirio. Yaliyofunguliwa kwa sababu mtu alitaja saa na meli isije saa hiyo, nimeyaona mengi, na mawili niliyajibu mimi.

Usiku ule malori yakakesha tena langoni, na baadhi yalikuwa ya kampuni yangu ya zamani. Kijana aliyerithi meza yangu akanipigia. "Kaka, mlijua?" Nikamwambia taarifa tumeipata jioni. Alinishukuru kwa kupokea simu, jambo ambalo lilinikaa moyoni kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo mtu akisema kampuni za usafirishaji wa baharini hazipeani taarifa kwa kukosa teknolojia, namsikiliza tu kwa heshima. Jumbe za kompyuta za kuelezana habari za makontena zipo, zimejengwa juu ya UN/EDIFACT, kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyopo tangu miaka ya 1980. Kontena lenyewe lina namba inayofuata kanuni moja dunia nzima: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya mwisho ya kuhakiki, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili ukikosea kuandika mfumo ukukatalie. Ni kazi nzuri sana ya watu waliofikiri. Halafu mtu wa ofisini anaitoa kwenye mfumo, anaibandika kwenye lahajedwali, anaipiga picha, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, na upande wa pili mtu anaiandika upya akisoma kwenye simu iliyopasuka kioo. Sifuri inakuwa herufi O. Nimeshughulikia kontena "lililopotea" siku nne ambalo muda wote lilikuwa mstari wa kwanza yadini.

Hayo ya kuandika vibaya yanarekebishika. Yasiyorekebishika kwa urahisi yako kwenye mikataba, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo nikiwa kwenye malori nisingeyaamini. Chukua meli iliyokodiwa kwa safari moja ya mzigo wa kumwaga, nafaka au mbolea. Kwa kawaida mkataba humtaka nahodha aende bila kuchelewa. Akifika na kutoa taarifa kwamba meli iko tayari, saa za kupakulia zinaanza kuhesabika kwa utaratibu waliokubaliana, na zikiisha kabla kazi haijaisha, mwenye meli hulipwa kwa ucheleweshaji. Sasa bandari ikimwambia nahodha, siku tatu kabla, kwamba gati halitakuwa wazi, afanye nini? Busara ni kupunguza mwendo. Nguvu inayotakiwa na mashine hupanda kwa takriban mchemraba wa kasi, kwa hiyo ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 unapunguza nguvu kwa karibu asilimia 27. Safari inarefuka kidogo, lakini mafuta yanayookolewa bado ni mengi. Ila akipunguza bila ruhusa amevunja mkataba, na akichelewa kufika amechelewa kuanza kuhesabu. Kwa hiyo anakimbia, anachoma mafuta, anatia nanga, anakaa. Taarifa ameipata na ni sahihi, ila haina pa kutumika. BIMCO, chama kinachoandika mikataba ya mfano inayotumiwa sana na wenye meli, kimetunga vifungu vya kumruhusu nahodha kupunguza mwendo ili afike wakati gati liko tayari. Navipenda. Lakini kifungu hicho kinataka pande zote mbili zikubaliane mapema nani abaki na faida ya mafuta yaliyookolewa, na hapo ndipo mazungumzo mengi niliyoyashuhudia yalipofia.

Kisha kuna siri halisi, na sitaki kujifanya hazipo.

Meza ya wakala ilinionyesha kituko cha makontena matupu. Malori yetu yalikuwa yakitoka bandarini na matupu kuwapelekea wauzaji bidhaa wa upande mmoja wa bara, huku malori ya mshindani yakirudi bandarini na matupu kutoka upande ule ule. Yalikuwa yakipishana barabarani na madereva wanapungiana mikono. Nao walijua kila kitu: kundi lao la simu lilikuwa na picha ya yadi zote mbili kuliko ofisi zote mbili. Nikapendekeza kwa mkuu wangu tubadilishane orodha na wenzetu, kila mmoja atumie yaliyo karibu. Hakukasirika. Alinivuta kando akanieleza kama mwanafunzi: "Orodha ya matupu ni orodha ya mauzo. Ukijua nina matupu mangapi wapi, unajua wiki ijayo nitabeba mzigo wa nani."

Mwanasheria naye akaongeza lake. Washindani wakikaa meza moja kuzungumzia idadi na nafasi, sheria za ushindani zinaweza kuwageukia. Alikuwa na mfano: mwaka 2016 Tume ya Ulaya ilikubali ahadi za kampuni 14 za meli za makontena zilizokuwa zimechunguzwa kwa namna zilivyokuwa zikitangaza hadharani ongezeko la bei. Nilimwona mwoga. Kwetu hakukuwa na bei hata moja, ni mabati matupu tu. Leo nampa nusu ya haki yake, kwani idadi za wiki ijayo mkononi mwa mshindani si jambo la mchezo. Nusu nyingine simpi, kwa sababu alipotumwa kutafuta njia halali alirudi na barua ya kurasa sita inayosema hapana.

Wakala wa kusafirisha mizigo, yule anayekusanya shehena za wateja na kununua nafasi melini, ana siri yake nyingine: jina la mteja. Kwenye hati kuu ya shehena anayoonekana ni yeye, na mwenye mzigo halisi yuko kwenye hati nyingine inayobaki ofisini kwake. Kuna sababu za kisheria na za kibiashara, lakini ukikaa naye mkaongea vizuri atakuambia iliyo kubwa: anaogopa kampuni ya meli itamchukua mteja. Wala haoti, kwani kampuni kadhaa za meli zimeingia kwenye biashara ya kusafirisha mzigo hadi mlangoni kwa mteja, kazi ambayo zamani ilikuwa ya hao mawakala. Nilikumbana nayo siku kontena la ubaridi lilipoanza kupanda joto yadini, Ijumaa jioni. Kwenye hati nilikuwa na jina la wakala na simu ya ofisi iliyofungwa. Fundi yadini aliniuliza aweke nyuzi ngapi, mzigo wenyewe ni wa aina gani hasa. Maelezo yaliyokuwepo yalisema "vyakula vilivyopozwa". Mwenye mzigo, ambaye angejibu kwa sekunde tano, nilimjua Jumatatu, kwenye barua ya madai.

Kila baada ya muda huja mtu na suluhisho la jukwaa moja la wote. Nimehudhuria uzinduzi wa matatu. Swali la kwanza kwenye chumba huwa lile lile, na huulizwa wakati wa mapumziko, si kwenye kipaza sauti: seva ni ya nani? TradeLens ndiyo iliyojulikana zaidi. Maersk, kampuni kubwa ya meli, na IBM ya kompyuta waliizindua mwaka 2018, washindani wakubwa kadhaa wakajiunga, bandari na forodha za nchi mbalimbali pia, na Novemba 2022 wakatangaza kuifunga, wakisema ushirikiano wa sekta nzima waliouhitaji haukupatikana. Ufundi wake sina neno nao. Ila mwenzangu mmoja wa kampuni nyingine alisema jambo ambalo sikuweza kulijibu: "Wewe ungemwachia mwenye duka la pili funguo za ghala lako, hata kama kufuli ni zuri?"

Wale wa idara ya kompyuta wana hofu yao tofauti, nao nimeacha kuwacheka. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilipenya kwenye mtandao wa Maersk kupitia programu ya uhasibu iliyotumika Ukraine, na mwenyekiti wao akasimulia baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Ukimwomba mtu aliyesoma habari hizo akufungulie njia ya kuingia kwenye mfumo wake ili usome saa za meli, atakutazama kama umeomba kulala kwake.

Serikali zimesogea. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mkataba wa FAL wa Shirika la Kimataifa la Bahari, ule wa kurahisisha usafiri wa baharini, unazitaka nchi wanachama ziwe na dirisha moja la kielektroniki la kupokea taarifa za meli, ili wakala asijaze mambo yale yale kwa uhamiaji, afya, forodha na bandari kila mmoja kivyake. Wakala aliyewahi kupeleka orodha ya mabaharia kwa nakala tano zenye mihuri anaelewa faida yake. Lakini dirisha hilo linaunganisha kampuni na serikali. Dereva aliye langoni saa nane usiku haoni chochote kupitia hapo.

Meza yangu ya tatu ilikuwa ya ukatibu. Kampuni tisa za bandari moja, wakala, gati, malori, wagomboaji, marubani, waliamua kujaribu kupeana saa za meli tu, bila mizigo, bila bei, bila majina ya wateja. Nadhani nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa nimelaaniwa na pande mbili. Kikao cha kwanza nilileta ile karatasi ya droo, nikaigeuza kuwa jedwali ukutani: kutia nanga, rubani kupanda, kamba ya kwanza, kontena la kwanza, kontena tayari kwa lori. Kila mtu akatafuta saa yake. Mtu wa gati alisimama muda mrefu mbele ya safu ya mwisho, kisha akauliza, "Hii ya tano anaiandika nani?" Ikawa yake, baada ya vikao viwili.

Kila saa tukaipa cheo kimoja kati ya vinne ambavyo sekta ilishavijua: makadirio, ombi, mpango, halisi. Hilo lilipita siku moja. Kilichotula miezi saba ni sentensi moja kwenye makubaliano, kwamba saa iliyoandikwa "makadirio" haitatumika na yeyote kati yetu kama msingi wa dai. Wanasheria waliizungusha mpaka ikapoteza kitenzi, tukairudisha. Kampuni mbili zilikataa kusaini. Tuliwaacha, tukakubaliana kwamba asiyeandika saa zake haoni za wenzake. Mmoja alirudi baada ya wiki kadhaa. Mwingine hajarudi, na madereva wake huuliza saa kwa madereva wa wengine, ambayo nayo ni njia.

Sijui kama naweza kuyaita mafanikio. Mambo ya matupu yako palepale. Wakala wa mizigo bado anaficha wateja, na mimi ningekuwa yeye ningeficha. Jedwali lenyewe lilikaa nusu tupu kwa muda mrefu, limejaa "halisi", yaani saa ambazo zimeshapita na hazimgharimu mtu. Watu walikuwa wanasubiri kuona nani atakuwa wa kwanza kuandika makadirio, yasitimie, na nini kitampata.

Alikuwa binti mgeni kwenye ofisi ya wakala, meza yangu ya zamani. Jioni moja aliandika: "Makadirio, kamba ya kwanza 21:00. Mashine ina hitilafu, nahodha hana uhakika, nitaandika tena kila baada ya saa mbili." Aliandika tena mara nne, kila mara saa imebadilika. Meli ilifunga 03:10. Asubuhi nilifungua baruapepe nikitetemeka kidogo, nikitafuta malalamiko. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu, kutoka kwa mpangaji wa malori: "Asante dada. Niliwaambia waende wakalale."